Kauntabuku nne za marehemu baba: nizichome, niziweke mtandaoni, au nifanye kama Alison Des Forges?

*"Shikamoo mwalimu. Marehemu baba alikuwa karani wa mgao wa chakula kambi ya Benaco, Ngara, mwaka 1994. Mwaka jana tulipokuwa tunagawana vitu vyake nikakuta kauntabuku nne ndani ya sanduku la bati. Kumbe kila usiku alikuwa akiandika aliyoyasikia mchana kwa wakimbizi: nani alifanya nini kule kwao, kanisa gani, barabara gani, lini. Jina la mtu mmoja, aliyekuwa diwani kule, linajirudia mara sita. Nimemtafuta mtandaoni nikampata. Yuko Ulaya, ana duka, anacheka kwenye picha. Baba mdogo anasema nizichome, mambo ya watu tusiyaingilie. Lakini nimesoma habari za yule mwanahistoria wa Marekani, Alison Des Forges, aliyewasaka wauaji wa Rwanda mpaka wakafungwa Arusha. Kama yeye mgeni aliweza kwa makaratasi, mimi ninashindwaje? Nataka nipige picha zile kurasa niziweke Facebook pamoja na jina lake. Mama hataki hata kuziona; tangu zitoke sandukuni halali vizuri. Nifanyeje? Na yule mama aliwakamataje hasa?"*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa urithi ambao hukuuomba.

Jibu fupi nakupa mapema ili usilale na wasiwasi: usizichome, na usiziweke Facebook. Kati ya hayo mawili kuna njia, tena ndefu kidogo. Ili uione, itabidi nianze na swali lako la mwisho, maana humo ndimo ulimoteleza, na si wewe peke yako.

Alison Des Forges hakumkamata mtu yeyote. Hakuwa na pingu wala kitambulisho cha polisi. Wale watu walikamatwa na polisi wa nchi mbalimbali: Jean-Paul Akayesu alikamatwa Zambia mwaka 1995, Kanali Théoneste Bagosora Cameroon mwaka 1996, na Julai 1997 polisi wa Kenya waliingia kwenye nyumba kadhaa Nairobi wakawatoa aliyekuwa waziri mkuu Jean Kambanda, aliyekuwa waziri wa familia Pauline Nyiramasuhuko, na wenzao. Kazi ya Des Forges ilikuwa ya kabla na baada ya pingu: kuonyesha nini kilitokea, wapi, kwa amri iliyopitia kwa nani, kisha kukaa mbele ya majaji wa mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha na kuulizwa maswali siku baada ya siku na mawakili waliolipwa kumkosesha. Wengi wakisikia neno kusaka wanamwona mtu na mbwa. Ukweli ni mama mmoja na mafaili.

Na mafaili yale hakuanza kuyafungua mwaka 1994. Alizaliwa Schenectady, jimbo la New York, mwaka 1942. Akiwa bado mwanafunzi wa chuo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alifika huku kwetu Tanganyika akawafundisha watoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda waliokuwa wamekimbia vurugu za wakati ule. Yaani mlango wake wa kuingilia Rwanda ulikuwa kambi ya wakimbizi upande wetu wa mpaka, kama ulivyo wa baba yako. Baadaye akaenda Yale, akaandika tasnifu ya udaktari aliyoimaliza mwaka 1972 juu ya utawala wa Mwami, yaani mfalme wa Rwanda, Yuhi Musinga, aliyetawala kuanzia 1896 mpaka Wabelgiji walipomwondoa mwaka 1931. Alisoma nyaraka za wakoloni na za wamisionari, lakini pia alikaa na wazee waliokuwa na kumbukumbu za ikulu ya Nyanza, akawasikiliza.

Naisisitiza hiyo tasnifu kwa sababu watu huiruka. Ikulu ya Musinga ilikuwa mahali pa maneno yenye pande mbili, pa amri zinazotolewa bila kutamkwa. Aliyetumia miaka yake ya ujana kujifunza jinsi mkubwa wa Rwanda anavyoagiza jambo bila kulitaja, zaidi ya miaka 20 baadaye aliposikia hotuba za redioni mwaka 1994 alikuwa na masikio ambayo mwanasheria wa kutoka Ulaya hakuwa nayo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 alianza kujitolea katika shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch, akaja kuwa mshauri wake mwandamizi wa masuala ya Afrika. Mapema mwaka 1993 alikuwa mmoja wa viongozi wa tume ya kimataifa iliyokwenda Rwanda kuchunguza mauaji yaliyokuwa yakiendelea tayari. Ripoti yao ilitoka Machi mwaka huo. Iliweka wazi kwamba Watutsi walikuwa wakiuawa kwa kabila lao na kwamba viongozi wa serikali walihusika. Mwaka mmoja kabla, mwanangu. Karatasi zilikuwepo mezani.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 1994, baada ya ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda kudunguliwa, Des Forges alikuwa nyumbani kwake Buffalo akimpigia simu Kigali rafiki yake Monique Mujawamariya, mwanaharakati wa haki za binadamu. Walizungumza tena na tena huku askari wakipita nyumba kwa nyumba. Mwishowe Monique akamwomba awatunze watoto wake, akakata simu. Alinusurika, lakini kwa siku kadhaa Des Forges aliamini rafiki yake ameuawa, na bado kila kulipokucha alikuwa akiwapigia maofisa wa Washington na waandishi wa habari akiwaambia hii si vita ya kikabila iliyolipuka yenyewe, hii ni kazi iliyopangwa. Wachache walisikiliza.

Sasa twende kwenye makaratasi, maana hapo ndipo penye jibu lako.

Baada ya mauaji, yeye na kundi la watafiti walirudi Rwanda, wakakaa miaka kadhaa wakihoji watu na kupekua ofisi za mikoa na za komuni, ngazi ya utawala iliyokuwa chini ya mkoa. Serikali ile ilikuwa na ukarani mzuri kupita kiasi. Wauaji walikuwa na mihuri. Kulikuwa na barua za mkuu wa mkoa kwenda kwa wakuu wa komuni, kumbukumbu za mikutano ya usalama, orodha za waliopewa silaha. Katika nyaraka na hotuba hizo neno kuua halionekani kirahisi. Lipo neno kazi. Watu wanaambiwa wafanye kazi, wamalize kazi, waende na zana za kazi. Mtu asiyeijua Rwanda angesoma akadhani ni habari za kilimo.

Nikupe mfano mmoja niutazame kwa karibu, kwa sababu mimi mwenyewe huufundisha. Sehemu kubwa ya mkoa wa Butare, kusini, ilikaa karibu wiki mbili bila mauaji makubwa ilhali sehemu nyingine za nchi zinateketea. Mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, alikuwa Mtutsi pekee katika cheo hicho, na alijitahidi kuzuia. Akaondolewa madarakani. Tarehe 19 Aprili rais wa serikali ya mpito, Théodore Sindikubwabo, akaja Butare kumsimika mkuu mpya. Katika hotuba yake hakusema ueni. Aliwakemea wale wanaosema hainihusu, akawataka wakae pembeni wawaachie wengine wafanye kazi. Kuanzia siku hiyo na zilizofuata Butare ikawa machinjio.

Peke yake hotuba ile ni maneno ya kiserikali, na kufukuzwa kwa mkuu wa mkoa ni uhamisho tu kama uhamisho mwingine. Mwanahistoria anachofanya ni kuyapanga mambo hayo kwa tarehe, hata kwa saa, kisha anaweka pembeni yake barua za wiki iliyofuata, kisha anamtafuta mkulima aliyekuwa pale uwanjani na kumuuliza: wewe ulielewa nini? Karatasi inakutana na karatasi, halafu zote mbili zinakutana na mtu. Zikikubaliana bila kuwa zimeambiana, hapo una kitu. Zikipingana pia una kitu, ila ni kitu kingine.

Au chukua mapanga. Des Forges alipekua leseni za kuingiza bidhaa nchini akakuta kwamba kati ya Januari 1993 na Machi 1994 yaliingizwa mapanga 581,000 hivi. Panga ni zana ya shamba; kila nyumba ya Rwanda ilikuwa nalo, kama kila nyumba ya Kagera. Kwa hiyo panga moja halisemi lolote. Alichofanya ni kugawa: akapata takriban panga moja jipya kwa kila wanaume watatu Wahutu watu wazima nchini. Hesabu ya darasa la tano, lakini lazima awepo wa kukaa akaihesabu. Kazi hiyo yote ikatoka Machi 1999 katika kitabu cha kurasa karibu 800.

Pale Arusha, ndani ya jengo la AICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimwita kama shahidi mtaalamu katika kesi 11. Shahidi mtaalamu haji kusema nilimwona huyu akiua. Anakuja kuwaeleza majaji dunia ambayo tendo lilitendeka. Katika kesi ya Akayesu, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Taba, swali mojawapo lilikuwa: hivi mkuu wa komuni alikuwa na uwezo gani hasa? Kwa sheria ya kwenye karatasi ni ofisa mdogo. Des Forges aliwaeleza majaji kwamba kijijini mtu yule alikuwa na nguvu kuliko sheria ilivyompa, na neno lake lilikuwa amri. Aliyoyatenda Akayesu mwenyewe yalielezwa na watu wa Taba, wakisimama kizimbani kwa majina ya herufi tu, Shahidi J, Shahidi JJ, ili wasijulikane. Habari za ubakaji hazikuwemo hata kwenye hati ya mashtaka ya awali. Wanawake walizitoa wakiwa kizimbani, na hati ikarekebishwa Juni 1997. Hukumu ikasomwa tarehe 2 Septemba 1998, ya kwanza duniani kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari.

Unaona mgawanyo huo? Mwanahistoria anaeleza uwanja, shahidi anaeleza mchezo, jaji anapuliza kipenga. Baba yako, kwa kauntabuku zake, si mmoja kati ya hao watatu. Nitarudi hapo.

Kabla sijarudi, nikuchekeshe kwa uchungu. Katika kesi ya vyombo vya habari, mmoja wa washtakiwa alikuwa Ferdinand Nahimana, mwanzilishi mmojawapo wa RTLM, redio iliyochochea mauaji. Naye ni mwanahistoria, daktari wa falsafa wa Paris, mhadhiri wa chuo kikuu kule Butare. Kwa hiyo Arusha mwanahistoria alitoa ushahidi dhidi ya mwanahistoria. Nahimana alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2003, rufaa ikampunguzia hadi miaka 30, akatoka kabla ya kumaliza. Wanafunzi wangu wakianza kujivuna kwamba taaluma yetu ni ya watu wa kweli, huwatajia jina hilo nikanyamaza.

Na usidhani mahakama zilikuwa zikiitikia kila alichosema Des Forges. Hapa nakuomba utulie, maana ndipo panapokugusa. Katika kesi ya Bagosora moja ya nyaraka zilizojadiliwa ni shajara yake ya miadi ya mwaka 1993, ambamo alikuwa ameandika kwa mkono wake mipango ya raia kujilinda, kuwapa watu silaha na mafunzo. Des Forges aliisoma hiyo pamoja na mambo mengine kama hatua za maandalizi. Majaji, tarehe 18 Desemba 2008, walimkuta Bagosora na hatia ya mauaji ya kimbari na kumpa kifungo cha maisha, kilichokuja kuwa miaka 35 kwa rufaa. Lakini shtaka la kula njama kabla ya Aprili 1994 wakalikataa. Walisema ushahidi ule ungeweza pia kumaanisha watu wanaojiandaa kwa vita dhidi ya jeshi la RPF, waasi waliokuwa wakipigana na serikali ile. Shajara ni ya mshtakiwa, mwandiko ni wake, mtaalamu ni bingwa wa dunia, na bado haikutosha kuondoa shaka. Sasa fikiria kauntabuku iliyoandikwa na karani wa nchi jirani, aliyesikia kwa mtu, aliyesikia kwa mtu.

Kanada nako walimpiga kwa maneno. Katika shauri la Léon Mugesera, aliyetoa hotuba ya chuki kule Kabaya Novemba 1992, mahakama ya rufani mwaka 2003 ilimlaumu Des Forges waziwazi kwamba anazungumza kama mwanaharakati kuliko mwanahistoria, ikaitilia shaka ripoti ile ya tume. Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo ilitengua uamuzi huo mwaka 2005, na Mugesera hatimaye alirudishwa Rwanda, akafungwa maisha. Lakini lawama ile ilikuwa fundisho: ukionekana una hasira na mtu, hata ukweli wako unaanza kunuka hasira.

Mimi namwamini Des Forges kwa jambo ambalo lilimgharimu marafiki. Katika kitabu kilekile aliandika pia juu ya raia waliouawa na askari wa RPF mwaka 1994. Hakusema ni sawa na mauaji ya kimbari. Alikataa kabisa kuyalinganisha. Alisema tu kwamba nao ni watu, na waliowaua wanapaswa kujibu. Aliidai mahakama ya Arusha iwashtaki, haikuwashtaki. Mwaka 2008 Rwanda ikamzuia kuingia nchini, mara mbili. Huyo ndiye mtu aliyetumia miaka 15 kuwathibitishia walimwengu kwamba Watutsi waliangamizwa kwa makusudi. Tarehe 12 Februari 2009, akirudi nyumbani Buffalo, ndege yake ilianguka kwenye mtaa wa Clarence Center, dakika chache kabla ya kutua. Walikufa watu 50. Alikuwa na miaka 66.

Turudi sandukuni.

Benaco. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Mashirika yalielemewa, yakawapanga wakimbizi kwa komuni walizotoka, na kugawa chakula kupitia viongozi wao. Viongozi hao ndio walewale. Sylvestre Gacumbitsi, mkuu wa komuni ya Rusumo, ambako watu walichinjwa ndani ya kanisa la Nyarubuye, alikuwa miongoni mwa waliovuka. Alikuja kukamatwa mwaka 2001 akiwa bado hapahapa Tanzania, kambini mkoani Kigoma, na rufaa ilimpa kifungo cha maisha mwaka 2006.

Sasa jiulize kama ambavyo Des Forges angejiuliza: mtu aliyesimama kwenye foleni ya mahindi, mgao wake unategemea orodha iliyoko mikononi mwa kiongozi wa komuni yake, anamnong'oneza karani wa Kitanzania jina la muuaji. Anamtaja nani? Huenda anamtaja muuaji kweli, kwa ujasiri wa ajabu. Huenda anamtaja mtu aliyemdhulumu ng'ombe. Huenda ametumwa na muuaji halisi kulitawanya jina la mwingine. Hilo lilifanyika, na lilifanyika kwa ustadi. Mara sita ni nyingi, ndiyo. Lakini ni watu sita walioona, au ni uvumi mmoja uliozunguka hema sita? Angalia tarehe. Kama mara zote sita ziko ndani ya siku tatu, moyo wangu unasita. Kama zimeachana kwa wiki, kutoka kwa watu wa sekta, yaani sehemu za komuni, tofauti, na kila mmoja anataja jambo ambalo mwenzake hakulitaja, naketi vizuri kwenye kiti.

Halafu jina. Wanyarwanda hawana majina ya ukoo kama yetu; ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana, na watu wasiojuana kabisa wakafanana majina. Nilipokuwa kijana niliwahi kuandika kwenye makala yangu kwamba mzee fulani alikuwa mnyapara wa mashamba ya mkonge, nikataja na ukatili wake. Alikuwa mwingine, wa jina hilohilo, kijiji cha pili. Mjukuu wake alinifuata akiwa na picha ya babu yake mkononi, hakunigombeza, akanionyesha tu picha. Ningependa sana wewe usikutane na picha kama hiyo. Yule anayecheka dukani anaweza kuwa ndiye. Anaweza pia kuwa mtu ambaye kosa lake ni kuitwa hivyo.

Lakini kuna jambo linanitia hofu zaidi. Katika barua yako umenieleza habari za mtuhumiwa kwa kirefu. Hukusema hata neno moja juu ya waliomwambia baba yako. Majina yao yamo humo, siyo? Karani mzuri huandika nani kasema. Hao walirudi Rwanda Desemba 1996 Tanzania ilipozirudisha zile kambi, na wengi wako hai, wanaishi kilima kimoja na ndugu wa waliowataja. Arusha iliwaficha mashahidi nyuma ya herufi na mapazia. Wewe ungewaanika kwa picha ya simu. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kukukataza Facebook, kuliko hata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo nayo ina meno, na kuliko kwamba ungempa mtuhumiwa taarifa ya mapema ya kuhama.

Baba mdogo naye usimwone mwoga. Katika familia nyingi za mpakani wanaonyamaza ndio waliofika uzeeni. Mwambie tu kwamba kuchoma hakurudishi usalama, kwa sababu tayari mmeshazisoma. Kinachobaki baada ya moto ni uvumi usio na karatasi ya kuusahihisha, na hata kama yule mtu hana hatia, kauntabuku hizo ndizo zinazoweza kumsafisha.

Basi ufanye nini? Kwanza, mwone wakili, ana kwa ana, umpeleke picha za kurasa chache tu, si vitabu vyenyewe. Usitafute wakili wa mashamba. Uliza chama cha mawakili wakuelekeze kwa mwenye uzoefu wa jinai au haki za binadamu. Mauaji ya kimbari hayana ukomo wa muda wa kushtakiwa, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbia. Mahakama ya Arusha ilifungwa mwisho wa mwaka 2015, na watoro wake wote wameshajulikana walipo au kwamba wamekufa, hivyo mtu kama huyo wako, asiyekuwa kwenye orodha yake, ni wa vyombo vya nchi: Rwanda wana kitengo cha kuwasaka watuhumiwa, na nchi nyingi za Ulaya zina polisi na waendesha mashtaka wa makosa haya mahsusi. Ubelgiji walikwisha kuwafunga watu kwa mauaji ya Butare tangu 2001. Wakili ndiye apeleke taarifa, akieleza wazi kwamba ni maandishi ya kusikia, ya kuanzishia uchunguzi.

Sitakuficha: huenda wasijibu. Huenda wakajibu baada ya miaka. Huenda wakachunguza wakakuta hakuna kesi, nawe itabidi ulikubali hilo bila kurudi Facebook.

Pili, hata kama hakuna kesi, kauntabuku hizi ni mali kubwa ya historia. Simjui karani mwingine wa mgao aliyeandika kila usiku. Hifadhi ya chuo kikuu inaweza kuzipokea kwa masharti: kwamba zisisomwe na umma kwa miaka kadhaa, majina yafichwe. Sharti hilo liandikwe na kusainiwa kabla hazijatoka mikononi mwako. Nenda mwenyewe, ukaone chumba zitakapokaa. Ukikuta ndoo ya kukingia maji ya paa, rudi nazo nyumbani.

Kwa sasa, zitoe kwenye sanduku la bati. Bati hutoa jasho. Ziweke kila moja kwenye bahasha ya kaki, mahali pakavu palipoinuka, mbali na mchwa. Usizifunge kwenye mfuko wa nailoni. Usibandike selotepu, usipigie mstari, usiandike chochote ndani, hata tarehe kwa penseli. Piga picha kila ukurasa kwa mfuatano, pamoja na majalada na kurasa tupu, na usiziache picha kwenye simu inayochezewa na watoto. Kwenye karatasi nyingine andika ulizikuta lini, wapi, nani alikuwepo, na nani amezishika tangu hapo. Siku moja wakili wa upande wa pili atauliza hilo kabla ya kuuliza lingine lolote.

Mtu yeyote akikutafuta akikutisha, au akitaka kuzinunua, nenda polisi siku hiyohiyo na umpigie wakili wako. Usijadiliane naye hata kwa ujumbe.

Mama ndiye ninayemfikiria tangu nilipoanza kukuandikia. Mume wake alikuwa akiandika haya kwenye kibatari, yeye akiwa kitandani. Huenda anayajua kuliko yaliyoandikwa. Usimhoji. Zihamishe vitabu kwenye nyumba nyingine ikiwezekana, au angalau zisikae chumba anacholala. Kama usingizi haujarudi wiki mbili tatu zijazo, mpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa aonane na mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Usimpe dawa za usingizi za duka la pembeni. Akitaka kusema, akae na wewe jikoni mkichambua mchele, mikono ikiwa na kazi, na kalamu isionekane.

Ukishamwona wakili niandikie tena, na unijibu jambo moja dogo. Umesema baba alikuwa karani wa mgao. Je, pembeni mwa majina ya waliozungumza naye kuna namba? Kama zipo, zihesabu tarakimu na uniambie zinaanza na nini. Usinitumie namba zenyewe. Huenda ni namba za kadi za mgao, na kama ni hizo, basi baba yako alikuwa ameacha njia ya kuwapata watu wale bila mtu mwingine yeyote kuwatambua.